MFALME ALIYEKOSA PA KUUNGAMA

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule wa kila asubuhi, kwa hiyo kama uko kwenye feri au kwenye matatu, uhifadhi uusome jioni ukiwa umetulia.

Mwezi uliopita, katika kipindi cha maswali ya vijana, binti mmoja aliniuliza: "Pasta, kwa nini Wakatoliki wanaungama kwa padre? Si Mungu anasikia popote?" Nilimjibu haraka haraka, kama tunavyojibu sote. Nikamtajia 1 Timotheo 2:5 kwamba mpatanishi ni mmoja, nikaongeza kichekesho kuhusu kile kibanda cha mbao chenye kidirisha, vijana wakacheka, tukaendelea na swali lingine. Nilichosema hakikuwa uongo. Lakini nilifika nyumbani nikiwa sina amani, na sababu yake nitawaambia mbele.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na kusoma kwenyewe kumenirudisha hapa hapa kisiwani, kwenye ngome ya Fort Jesus, mwaka 1631. Wengi wetu tuliingia pale tukiwa shule ya msingi, tukaonyeshwa mizinga na mifupa, tukanunuliwa kachiri, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya kuta zile kuna habari ya kuungama na kusamehewa. Ngoja niwape ninavyoielewa.

Mambo yanaanzia 1614. Sultani wa Mombasa wakati huo alikuwa Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi, ule uliokuwa na urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498. Wareno walipoishika Mombasa na kuanza kujenga ngome mwaka 1593, waliwaleta watawala wa Malindi wakalie kiti cha hapa. Urafiki ule haukudumu. Hasan aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kichwa chake kikapelekwa Goa, kule India, makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia.

Mwanawe Yusuf alikuwa mtoto wa kama miaka saba. Naye akapelekwa Goa.

Wewe mzazi, simama hapo kidogo. Kichwa cha baba na mtoto wake, wote wanafikishwa bandari moja, mikononi mwa watu wale wale. Kisha mtoto anaambiwa: hawa ndio watakaokulea.

Aliyemlea ni shirika la watawa wa Mtakatifu Augustino. Walimfundisha, wakambatiza, wakampa jina Dom Jerónimo Chingulia. Akajifunza vita vya baharini katika meli za Wareno, akaoa, akavishwa heshima ya Shirika la Kristo, ambayo Wareno waliwapa mashujaa wao. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Kijana wa miaka kama ishirini, Mkristo kwa ubatizo na Mreno kwa malezi, anakuja kutawala mji wa Waislamu ambao wazee wake bado wanamkumbuka baba yake. Kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumpa heshima ya mfalme. Wakubwa wa mji nao hawakujua wamwite wa kwao au wa kwa watu.

Halafu likaja neno. Masimulizi ya Wareno wenyewe yanasema mfalme alionekana kwenye kaburi la baba yake akiswali kwa namna ya Kiislamu. Kapteni akapanga kumkamata ampeleke Goa mbele ya Inkwizisheni.

Hapa lazima nieleze, maana wengine wetu neno hilo tumelisikia kwenye filamu tu. Inkwizisheni ilikuwa mahakama ya kanisa ya kuchunguza imani ya waliobatizwa. Ile ya Goa ilianzishwa mwaka 1560 na ikaendelea, kwa kukatizwa miaka michache, hadi 1812. Ilikuwa na magereza, mateso ya kumfanya mtu aseme, kunyang'anywa mali, maandamano ya aibu barabarani, na kwa wengine kifo cha moto. Asiyebatizwa hakuwa na kesi ya kuasi imani. Aliyebatizwa, hata kama alibatizwa akiwa mtoto mateka, alikuwa wao. Ubatizo wa Yusuf ndio uliompa kiti cha ufalme, na ubatizo huo huo ndio uliokuwa unamfungulia kesi.

Sasa turudi kwa swali la yule binti, maana bila kulijibu hatutaelewa kilichofuata.

Mkatoliki anaposema "kuungama" hazungumzii kumwambia padre habari zake. Anazungumzia sakramenti, ile wanayoiita Kitubio au Upatanisho. Padre, kwa mafundisho yao, si chanzo cha msamaha. Mungu ndiye anayesamehe. Padre anatamka kwa mamlaka ambayo wao wanaisoma katika Yohana 20:22-23, pale Yesu aliyefufuka anapowavuvia wanafunzi na kuwapa neno juu ya kuondolewa dhambi. Sisi mistari hiyo tunaisoma kuwa ni mamlaka ya kuhubiri Injili: anayeamini anasamehewa, anayekataa anabaki na dhambi yake. Mimi naamini hivyo mpaka leo. Lakini tusiseme hawana andiko. Wanalo, na wanalisoma tofauti na sisi.

Na hawakuanza na kibanda. Rudi nyuma mwaka 250, Kaizari Decius anaamuru kila mtu katika dola ya Roma atoe sadaka kwa miungu na apewe cheti cha kuthibitisha. Kule Carthage, Afrika yetu hii upande wa kaskazini, Wakristo wengi walitoa sadaka kwa kuogopa kufa. Wengine walihonga wakapata cheti bila kutoa sadaka (ndugu zangu, hongo ya kupata karatasi haikuanzia Kenya). Mateso yalipopungua, watu hao walirudi mlangoni mwa kanisa wakilia. Kanisa lifanye nini nao? Novatian kule Roma alisema hapana, aliyemkana Kristo kanisa halina neno naye tena. Askofu Cyprian wa Carthage na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251 wakasema warudi, lakini baada ya toba ya kweli, kila mmoja kwa uzito wa alichofanya. Zingatia dhambi yenyewe ni ipi. Ni kuikana imani. Swali kubwa la kwanza la kanisa kuhusu maungamo lilikuwa: je, aliyekana anaweza kurudi nyumbani? Na kanisa la Afrika likajibu kwamba anaweza.

Toba ya siku zile ilikuwa ya hadharani, mara moja tu maishani, na ngumu kweli kweli. Ni watawa wa Ireland, kuanzia karne ya sita hivi, walioeneza desturi ya kuungama faraghani na kurudia kila unapoanguka. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaagiza kila Mkristo mwenye umri wa kujitambua aungame walau mara moja kwa mwaka. Katika agizo lile lile kuna mambo mawili yaliyonigusa mimi kama mchungaji. La kwanza, padre anafananishwa na tabibu mwenye busara anayemimina divai na mafuta juu ya majeraha, kama Msamaria wa Luka 10. La pili, padre atakayetoa siri ya maungamo avuliwe upadre na afungiwe katika nyumba ya watawa afanye toba maisha yake yote.

Maisha yake yote, wapendwa! Kwa sababu ya mdomo. Na sheria hiyo haijalegezwa. Mpaka leo padre Mkatoliki anayefichua moja kwa moja alichoungamiwa anajitenga na kanisa lake papo hapo, bila kusubiri hukumu ya mtu, na kumwondolea adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Roma.

Kisha mwaka 1551 Mtaguso wa Trento, ukijibu akina Luther, ukapanga mambo kwa utaratibu: anayetubu analeta majuto, maungamo na malipizi, na padre anatamka ondoleo kama hakimu anavyotamka hukumu. Basi kuna picha mbili ndani ya chumba kimoja, tabibu na hakimu. Mkatoliki atakuambia hazigombani, maana hukumu inayotamkwa pale ni ya kumwachilia mtu. Nami namwelewa. Lakini Trento hiyo hiyo ilikubali kwamba kuna dhambi nzito ambazo padre wa kawaida hana ruhusa ya kuziondolea. Zimewekewa askofu au mkubwa zaidi. Na katika himaya ya Wareno, dhambi ya kuiacha imani ilikuwa mkononi mwa Inkwizisheni.

Unaona ninapoelekea? Weka akilini mwako Yusuf, au Jerónimo, mwezi Agosti mwaka 1631. Watawa wa Augustino wapo Mombasa, wana nyumba yao mjini, mwendo wa dakika chache kutoka ngomeni. Ni shirika lile lile lililomlea tangu utoto. Lina jina la Augustino, Mwafrika wa Hippo, aliyeandika Maungamo, kitabu ambacho mtu anamweleza Mungu maisha yake yote bila kuficha. Kama kuna nyumba Mombasa ambayo mtu huyu angeweza kubisha hodi usiku akasema, "Baba, sijui mimi ni nani, nimekwenda kwa kaburi la baba yangu," ilikuwa ile.

Na padre aliyemfungulia hangeweza kumwondolea. Angelazimika kumwambia, mwanangu, hili ni la Goa.

Sisemi mfalme alitaka kuungama. Huenda moyoni mwake hakuhesabu dua ya kaburini kuwa dhambi hata kidogo. Jirani zetu Waislamu wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo, mtasema mtoto aliyenyang'anywa dini ya baba yake alikuwa anarudi kwao, na mimi siwezi kusimama hapa nikasema malezi yale yalikuwa ya haki. Ninachosema ni kuhusu nyumba yetu sisi Wakristo. Tulikuwa na mlango unaoitwa msamaha, na ufunguo wake tulimpa askari magereza ng'ambo ya bahari. Kusi ilikuwa bado inavuma. Ndio upepo wa kwenda India, na ukishafika huko unangoja kaskazi miezi kadhaa ndipo urudi, kama utarudi. Goa ilikuwa mahali ambapo kichwa cha baba yake kiliishia.

Kuna jambo moja la kusikitisha zaidi katika sheria ile. Trento ilisema mtu akiwa katika hatari ya kufa, vizuizi vyote vinaondoka. Padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi yoyote. Maana yake ni kwamba mfalme angekuwa anakata roho, mtawa wa kwanza kufika angemfungulia mlango wote. Ubaya ni kwamba alikuwa hai.

Tarehe 16 Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya kupalizwa Maria, mfalme aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba anakwenda kumtazama kapteni, akamchoma kisu akamuua. Ngome ikaanguka usiku huo. Mji ukawaka. Yusuf akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu, akaliacha jina la Jerónimo. Wareno waliokuwa mjini, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliobatizwa, walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino. Baada ya siku chache wakatolewa wakauawa, wengi kwa mishale. Watoto pia. Wengine walichukuliwa utumwani Arabuni. Walioponyoka walikuwa wachache sana.

Sitapaka rangi jambo hili. Machungu ya Yusuf yalikuwa ya kweli, na damu ya wale watoto ni ya kweli pia. Aliyeumizwa akiwa na miaka saba aliwaumiza wengine wa miaka saba. Tukianza kupima machungu ya nani yanahalalisha damu ya nani, hatutafika mwisho.

Wale waliouawa, Waswahili na Wareno, waliambiwa waache imani waishi. Kanisa Katoliki lilichukua habari zao kwa uzito. Mwaka uliofuata, 1632, kule Goa, Waaugustino walikusanya ushahidi wa kiapo kutoka kwa watu waliojua yaliyotokea, wakitaka waliokufa watambuliwe mashahidi wa imani. Ushahidi huo ulihifadhiwa, na mwaka 1980 mwanahistoria Freeman-Grenville akautoa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu tunajua mengi hivi. Lakini angalia ushahidi huo unauliza nini. Unauliza alifanya nini mfalme, alisema nini mfalme, nani alikataa kumfuata. Kumuuliza kapteni alifanya nini na mtoto wa Hasan haikuwa kazi yake.

Wareno walituma kikosi mapema mwaka 1632, kikashindwa. Baada ya hapo Yusuf mwenyewe akaibomoa ngome alivyoweza, akaondoka baharini kwa meli aliyoiteka, akawa akiwinda vyombo vya Wareno kwenye bahari hii. Alifariki Jeddah mwaka 1638. Akiwa na umri wa kama miaka thelathini na moja tu, jamani.

Nataka siku moja twende pamoja Fort Jesus, kikundi cha vijana na yeyote mwingine, tusimame chini ya lango. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Kapteni mpya, Francisco de Seixas Cabreira, kijana wa miaka 27, ameandika aliyoyafanya baada ya Wareno kurudi: ameijenga upya ngome, amewatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme dhalimu, amewatoza kodi wafalme, ameadhibu Pate na Siyu na kuvunja kuta zao, na Pemba amewaua viongozi na wakubwa wa mji. Kisha jiwe linaorodhesha zawadi alizopewa na mfalme wa Ureno kwa utumishi wake, pamoja na kuingizwa katika Shirika la Kristo. Lile lile la Yusuf.

Nilisimama chini ya jiwe hilo wiki iliyopita nikalitazama muda mrefu. Mtu ametaja matendo yake moja moja, kwa majina na mahali, kama anavyotakiwa kufanya anayeungama. Hakuficha kitu. Kilichokosekana ni majuto tu. Mtalii mmoja alinisukuma kidogo apige picha, nikampisha.

Ilichukua muda mrefu kwa kanisa lile kusema neno lingine. Tarehe 12 Machi 2000, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza ibada ya kuomba Mungu msamaha kwa makosa ya wana wa kanisa katika historia. Mojawapo ya maungamo hayo lilihusu watu waliotumia nguvu na ukatili wakidhani wanaitetea kweli, na aliyelisoma ni Kardinali Ratzinger, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Vatikani ambayo asili yake ni ile ile Inkwizisheni ya Roma. Hakumtaja Yusuf bin Hasan. Lakini mimi niliposoma habari hiyo nilimfikiria. Miaka 369 imepita, na kile kiti cha hakimu kimepiga magoti.

Hapa baadhi yenu mtasema Pasta amekuwa Mkatoliki. La. Bado naamini 1 Yohana 1:9 inatosha kwa mwenye dhambi yeyote, awe kitandani au kwenye tuktuk. Bado sioni katika Maandiko kwamba lazima nipitie kwa mtu fulani mwenye daraja fulani. Ila Yakobo 5:16 nayo imo katika Biblia yangu, na inasema tuungamane sisi kwa sisi. Swali ni kama sisi tunaotamba kwamba hatuhitaji kibanda tumejenga kitu gani mahali pake.

Urithi wetu ni wa hadharani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya, ulikuwa wa watu kusimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao waziwazi: wizi, zinaa, chuki ya kabila. Wengine walirudisha mali waliyoiba miaka mingi nyuma. Wazungu na Waafrika waliombana msamaha wakati ambao jambo hilo halikuwa la kawaida. Uamsho ule ulianzia kwa Waanglikana, lakini sisi Wapentekoste tumeurithi kwa njia ya ushuhuda. Ni urithi mzuri. Ila aliyesimama Gahini alichagua mwenyewe kusimama.

Sasa ile sababu niliyowaahidi.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini kwangu akafunga mlango akaniambia jambo. Sitalitaja hapa wala kulidokeza. Alilia, tukaomba, akaondoka mwepesi. Jumapili ya pili yake nilikuwa nahubiri juu ya neema, na mahubiri yalikuwa yanapanda, na nikaona mfano ule unafaa. Sikutaja jina. Nilisema tu "kuna ndugu mmoja". Lakini kanisa letu si kubwa kiasi hicho, na nilitaja kazi yake. Kabla sijamaliza madhabahuni niliona vichwa vinageuka upande wa kushoto, benchi ya tatu. Yeye alikuwa anatazama sakafu. Mkewe alikuwa anamtazama yeye.

Hawakurudi. Nami niliwaambia wazee kwamba ndugu yule amepoa kiroho. Hilo nalo nililisema, na lilikuwa uongo.

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa nimewapeleka watoto Mama Ngina, tunakula mihogo ya kukaanga chini ya mibuyu, tunatazama meli ikiingia Kilindini. Akapita na wanawe. Alinisalimia vizuri, "Bwana asifiwe, Pasta," kama vile hapakuwa na kitu. Tukakaa kwenye ukuta ule unaotazama bahari. Akaniambia siku hizi wanasali Holy Ghost, kanisa kuu la Wakatoliki pale Nkrumah Road. Nikauliza, kwa ule ujinga wetu wa kichungaji, kama ameridhika na mafundisho ya kule. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, yako mengi ambayo bado sijayaelewa. Lakini kule nikisema neno, linaishia pale."

Ndiyo maana kichekesho changu kwa vijana kilinirudia nyumbani usiku ule. Nilikicheka kidirisha ambacho nyuma yake kuna mtu aliyekubali kupoteza kila kitu kuliko kufungua mdomo. Mimi nilifungua wangu kwa sababu mahubiri yalikuwa yananoga.

Nilimtafuta tena baada ya vipindi vile vya vijana. Tulikutana pale pale, karibu na Lighthouse, jioni, feri za Likoni zikipishana. Nilimwambia nilichofanya nikakiita jina lake. Sikusema "kama nilikukwaza". Nilitaja Jumapili ile, nilitaja benchi, nilitaja na uongo niliowaambia wazee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimekusamehe zamani, Pasta. Mama watoto bado. Usimharakishe."

Nikamuuliza naweza kufanya nini. Wakatoliki wanalo neno malipizi, na nimekuja kulipenda. Hawamaanishi kulipia msamaha, maana huo umeshatolewa. Wanamaanisha kwenda kushona pale ulipochana. Akafikiri, akatazama maji, akasema, "Ulisema mbele ya watu. Basi waambie watu kwamba kosa lilikuwa lako, kwamba mimi sikupoa."

Kwa hiyo, kwa ruhusa yake, na baada ya yeye kuyasoma maneno haya kabla yenu: ndugu yule hakupoa kiroho. Mchungaji wake alitoa siri yake. Wazee wa kanisa nimeshawaambia Jumanne. Jumapili nitalisema kutoka madhabahuni, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ile, kisha nitaketi na mwingine atahubiri.

Na wewe binti uliyeuliza swali, nina deni lako. Jibu langu la kwanza lilikuwa nusu. Njoo na wenzako tuanze upya, safari hii nikiwa na Yohana 20 na Yakobo 5 pamoja na ile ya Timotheo.

Kuanzia wiki hii, kila Alhamisi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, nitakuwa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya kanisa. Simu yangu nitaiacha kwa mlinzi. Viti viko viwili.